KITABU HAKISHIKI BUNDUKI

Nawasalimu kutoka Lamu, ninyi mlio Mokowe, Hindi, Mpeketoni, Witu, Faza, Kizingitini na ninyi mlio mbali mnaotufuatilia kila wiki.

Andiko la msingi: Marko 7:20-23. Fungua Biblia yako usome kwanza, kisha urudi tuendelee.

Wiki hii kuna ujumbe mmoja ambao mmenitumia tena na tena. Unasema iko riwaya ya Kimarekani iitwayo The Catcher in the Rye, na kwamba anayeisoma huingiwa na roho ya uuaji. Unasema majasusi ndio waliopanga iandikwe, na wauaji wakubwa wote wamekutwa nayo mikononi. Mwisho unawaamuru wazazi wapekue mabegi ya watoto wao usiku huu huu. Wengine mmeniuliza, "Mchungaji, ni kweli? Tukemee? Tuchome?"

Somo la leo ni refu kidogo, kwa hiyo tafuta mahali ukae. Nataka tupitie historia taratibu, kwa sababu habari ya kulaumu kitabu kwa damu iliyomwagika haikuanza na simu zetu. Imepita Marekani na Nairobi, na imewahi kupita hapa hapa kwenye visiwa vyetu. Kila ilipopita, kuna mtu aliyeumia bila hatia na mwingine aliyetoroka wajibu wake.

1. YALIYOTOKEA MAREKANI

Tuanze na kitabu chenyewe. Kilitolewa Julai 1951, na mwandishi wake ni J.D. Salinger. Kinamhusu kijana aitwaye Holden Caulfield, aliyefukuzwa shule na kuzurura siku chache jijini New York huku moyo wake umepondeka. Mdogo wake alikufa kwa saratani ya damu, na hakuna mtu mzima aliyekaa naye akamsaidia kulia. Ndoto yake ni kusimama kando ya shamba la nafaka lililo karibu na genge, awadake watoto wanaocheza wasije wakatumbukia. Jina la kitabu limetoka hapo. Lugha yake si ya kanisani, nakubali. Lakini ndani yake hakuna anayeua mtu, wala hakuna anayefundishwa kuua.

Sasa tuje kwenye damu. Usiku wa tarehe 8 Desemba 1980, nje ya jengo la Dakota jijini New York, kijana wa miaka 25 aitwaye Mark David Chapman alimpiga risasi mwanamuziki John Lennon wa Beatles, akamuua. Hakukimbia. Polisi walimkuta na riwaya hiyo, na ndani yake alikuwa ameandika kwamba hayo ndiyo maelezo yake, kisha akatia sahihi kwa jina la Holden. Tarehe 30 Machi 1981, John Hinckley alimpiga risasi Rais Ronald Reagan mjini Washington. Rais alipona. Katika chumba cha hoteli alichokodi Hinckley palikuwa na vitabu kadhaa, na hicho kimojawapo. Tarehe 18 Julai 1989, mwigizaji Rebecca Schaeffer aliuawa mlangoni kwake Los Angeles, na muuaji, Robert Bardo, alikuwa amebeba nakala ya kitabu hicho hicho.

Kwa hiyo ujumbe haukubuni kila kitu. Matukio hayo matatu yalikuwepo. Uongo uliokomaa hautembei peke yake. Hupanda mgongoni mwa ukweli kidogo ndipo uingie mjini.

Tena upo ukweli wa pili uliopandwa. Shirika la ujasusi la Marekani, CIA, kweli lilikuwa na mradi wa siri ulioanza 1953 ukiitwa MK-Ultra. Watu walipewa dawa za kulevya bila kujua, ili ionekane kama akili ya mwanadamu inaweza kutawaliwa. Habari hiyo ilifichuliwa katika miaka ya 1970. Naye Salinger alikuwa askari wa Marekani katika Vita vya Pili vya Dunia, kwenye kitengo cha kupambana na ujasusi wa adui. Watu wakachukua jambo hili na lile, wakayafunga kwa kamba moja, wakasema: kitabu ni kitufe, na majasusi ndio wanaokibonyeza. Mwaka 1997 Hollywood ikatoa filamu yenye mtu asiyeweza kujizuia kununua kitabu hicho kila anapokiona, na tangu hapo wengi hawakumbuki tena ni nini walichokisoma gazetini na ni nini walichokiona kwenye filamu.

Lakini tujiulize kama watu wazima. Kitabu hiki kimeuzwa makumi ya mamilioni ya nakala na kimesomeshwa mashuleni kwa miongo mingi. Mamilioni walikisoma, wakafanya mtihani, wakaenda zao kulea watoto. Ukichukua watu watatu kati ya hao ukasema kitabu ndicho kilichowatuma, ni sawa na mtu anayehesabu ajali tatu za bodaboda, akakuta waendeshaji wote walikunywa chai asubuhi, akatangaza kwamba chai inaangusha pikipiki.

Tena kila mmoja wa wale watatu alikuwa na habari yake. Hinckley alitaka kumvutia mwigizaji Jodie Foster, aliyekuwa amemwona katika filamu, na mahakama iliamua kwamba akili yake haikuwa timamu. Bardo alikuwa amemwandama Rebecca Schaeffer kwa muda mrefu. Na Chapman? Hapa, wapendwa, shikeni mioyo. Chapman alikuwa ameokoka akiwa kijana. Alishiriki maombi, akahudumu kwenye kambi za vijana Wakristo. Alimkasirikia Lennon, pamoja na mengine, kwa sababu ya maneno aliyoyasema 1966 kwamba kundi lake lilikuwa na umaarufu kumpita Yesu. Katika chumba chake cha hoteli aliacha Biblia imefunguliwa kwenye Injili ya Yohana, jina ambalo kwa Kiingereza ni John, na pembeni ya jina hilo akaongeza neno Lennon.

Umeona? Kama hesabu ni ya kusema kwamba kitabu kilichokutwa kwa muuaji ndicho kilichoua, basi pale palikuwa na vitabu viwili, na cha pili ni hiki unachokibeba Jumapili. Utakubali mtu apekue begi la mtoto wako wa shule ya Jumapili akitafuta Injili ya Yohana? Hutakubali. Utasema Neno la Mungu halikumtuma. Ni moyo wake ulioshika kitu kitakatifu na kukipotosha. Vema. Basi kipimo hicho hicho umpimie na mwingine. Mithali 20:10 inatukumbusha jinsi Bwana anavyochukia mizani mbili tofauti.

2. SERIKALI ILIYOMSAKA MTU WA KWENYE RIWAYA

Sasa turudi nyumbani Kenya, maana msije mkadhani haya ni mambo ya Wazungu tu.

Mwaka 1986 ulikuwa mwaka wa hofu katika nchi hii. Serikali ya Rais Moi ilikuwa ikilisaka kundi la siri lililoitwa Mwakenya. Wahadhiri, wanafunzi na watu wa kawaida walikamatwa, na wengi wao waliteswa katika vyumba vya chini vya Nyayo House jijini Nairobi. Wapo waliofungwa kwa kukutwa na makaratasi tu.

Oktoba mwaka huo ikatoka riwaya ya Kigikuyu ya Ngũgĩ wa Thiong'o, Matigari ma Njirũũngi. Ngũgĩ mwenyewe hakuwepo nchini. Alikuwa amewekwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka kuanzia mwisho wa Desemba 1977 hadi Desemba 1978, baada ya mchezo wake wa kuigiza kule Kamĩrĩĩthũ kupigwa marufuku, na sasa alikuwa akiishi uhamishoni. Jina la kitabu linamaanisha mabaki ya risasi, yaani wale ambao risasi haikuwamaliza. Habari yake ni ya mtu anayetoka msituni baada ya vita vya uhuru, anazika silaha zake, anajifunga mshipi wa amani, kisha anazunguka nchi nzima akiuliza swali moja: ni wapi mtu anaweza kupata ukweli na haki?

Watu wakakisoma, wakasomeana kwa sauti, wakakizungumza sokoni na kwenye matatu. Kufikia Januari 1987, kama alivyosimulia Ngũgĩ, taarifa za kijasusi zilifika juu kwamba kuna mtu anaitwa Matigari anazunguka nchini akiuliza habari za ukweli na haki. Ikatolewa amri akamatwe. Polisi wakatafuta, wakagundua kwamba mtu huyo anaishi ndani ya kitabu. Februari wakaingia katika maduka ya vitabu na kukikamata kitabu chenyewe.

Unaweza kucheka. Lakini kicheko kikiisha, tazama ni nini kilichotokea. Serikali ilikuwa imeulizwa swali. Ingeweza kulijibu. Ingeweza kuonyesha hiyo haki iko wapi. Badala yake ikawatuma askari kumtafuta aliyeuliza, na ilipokuta hana mwili, ikaufunga wino. Ni rahisi sana kukamata karatasi kuliko kujibu lililoandikwa juu yake.

Hilo lishike, tutalihitaji.

3. WAFUNGWA WA MANDA

Wengi wetu tukienda kupanda ndege tunavuka mkono wa bahari mpaka Manda, na wageni huenda kutazama magofu ya Takwa. Tunawaonyesha msikiti wa kale wenye nguzo na minara ya makaburi. Lakini kuna habari nyingine ya Takwa ambayo vijana wetu wengi hawajafundishwa. Wakati wa hali ya hatari, katika miaka ya 1950, serikali ya mkoloni iliweka kambi za kizuizini kisiwani Manda, Takwa ikiwemo. Walioletwa huko ni watu wa bara waliotuhumiwa kuwa viongozi wa Mau Mau.

Mmoja wao alikuwa mwandishi, Gakaara wa Wanjaũ. Hakushikwa na bunduki mkononi. Alikamatwa Oktoba 1952, hali ya hatari ilipotangazwa, kwa sababu ya vijitabu vyake. Alikuwa ameandika kwa Kiswahili akiwahimiza Waafrika wawe na ujasiri na bidii, na kwa Kigikuyu alikuwa ametoa tamko la imani ya Gĩkũyũ na Mũmbi, lililofuata mtindo wa imani ile tunayoikiri kanisani. Mkoloni akaona hatari. Akamweka kizuizini kwa miaka bila kesi ya kawaida mahakamani, na sehemu ya miaka hiyo Gakaara aliipitisha hapa kwetu, kwenye joto la Manda. Kumbukumbu zake za kizuizini zilichapishwa kwa Kigikuyu mwaka 1983, zikapata Tuzo ya Noma mwaka uliofuata.

Sasa nisikilizeni vizuri, sitaki kupaka rangi. Mau Mau waliua watu. Kule Lari, Machi 1953, waliteketezwa wanawake na watoto, na baadaye wengine wengi wakauawa kwa kulipiza kisasi. Upande wa serikali nao ulinyonga, ulichapa na ulifungia watu kambini kwa maelfu. Ile damu haikuwa ya kwenye riwaya. Lakini je, chanzo chake kilikuwa kijitabu? Mwaka 1954 daktari wa magonjwa ya akili, J.C. Carothers, aliyepewa kazi na serikali, aliandika taarifa nzima akiyaeleza Mau Mau kama msukosuko wa nafsi za watu waliong'olewa kwenye mila zao. Ilikuwa afadhali kusema watu wameharibika akili, au wamepumbazwa na viapo na maandishi, kuliko kusema kwa sauti kubwa neno moja: ardhi.

Na neno hilo, ndugu zangu wa Mpeketoni, tunalijua. Watu walipewa mashamba katika skimu ya Ziwa Kenyatta kuanzia miaka ya 1970, wengi wao wakitoka bara walikokosa ardhi. Swali lililokataliwa kujibiwa Kiambu na Nyeri likabebwa kwenye lori mpaka pwani, likakutana na swali la wenyeji wa hapa ambao nao hawakuwa na hati za ardhi ya babu zao. Unaweza kufungia vijitabu vyote vya Gakaara kwenye kabati la polisi, na swali litakungoja mlangoni.

4. LAKINI MCHUNGAJI, MANENO HAYAUI?

Najua mtaniuliza hivyo, na ni swali la haki. Yakobo sura ya tatu inaufananisha ulimi na moto, nami siwezi kuifuta sura hiyo.

Ndiyo, yapo maneno yanayoua. Tazameni Rwanda. Desemba 1990 gazeti la Kangura lilichapisha amri kumi za chuki dhidi ya Watutsi. Kuanzia 1993 redio RTLM ikawaita majirani mende. Mauaji yalipoanza Aprili 1994, redio hiyo ilitaja watu kwa majina na mahali walipojificha, na wenye mapanga wakaenda. Desemba 2003, mahakama ya kimataifa iliyokuwa ikikaa Arusha iliwatia hatiani mhariri wa gazeti hilo na wakuu wawili wa redio.

Angalia tofauti, maana somo lote linasimama hapa. Mahakama ya Arusha haikusema redio ina pepo. Haikusema wimbi la hewa liliwaroga Wahutu. Iliita mashahidi, ikasikiliza kanda, ikauliza nani alisema nini, lini, kwa nia gani, na nini kilifuata. Kisha ikahukumu watu wenye majina. Na wale walioshika mapanga nao walijibu kwa mikono yao wenyewe.

Sasa linganisha. Riwaya ya Salinger inamtaja nani auawe? Hakuna. Matigari aliuliza swali. Lakini ule ujumbe unaotumwa kwenye simu usiku, usio na jina la mwandishi, unaosema watu fulani wana kitabu fulani na kwa hiyo ni wauaji, kaa chonjo! Huo ndio unaofanana na Kangura. Tunaogopa riwaya iliyolala kwenye begi la mtoto, na huku kidole chetu kinasambaza kitu chenye sumu kuliko riwaya hiyo.

5. SISI WA LAMU NA VITABU VYA JIRANI

Niruhusuni niguse mahali panapouma.

Usiku wa tarehe 15 Juni 2014, watu wakitazama Kombe la Dunia, Mpeketoni ilivamiwa. Usiku uliofuata wakaua tena vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 60 walikufa katika siku hizo, wengi wao wanaume, waume na baba za watu tunaoabudu nao. Al-Shabaab wakasema ni wao. Rais Uhuru Kenyatta akasema ni mitandao ya kisiasa ya hapa hapa. Julai wakavamia Hindi na Gamba. Ikatolewa amri ya kutotoka nje usiku, wavuvi wa Lamu wasioweza kuvua mchana wakalala njaa kwa kosa ambalo si lao.

Katikati ya kauli mbili zinazopingana, kila mtaa ukajitungia yake. Na wengi wetu tulisikia ile sentensi, ikisemwa jikoni, ikisemwa kwenye boti, hata nje ya kanisa baada ya ibada: "Ni kile kitabu chao." Wakimaanisha Kurani.

Mnajua kwamba Siyu, kisiwani Pate, ilisifika kwa wanazuoni na kwa misahafu iliyonakiliwa kwa mkono na kupambwa kwa wino wa rangi? Watu wa visiwa hivi wameishi na kitabu hicho kwa karne nyingi, wakizaa, wakivua, wakioana, wakizikana, wakiwapokea wageni wa kila dini. Kama kitabu ndicho kitufe, mbona majirani zako hao hawakukuchinja mwaka 1985, wala 1995, wala juzi ulipoachiwa watoto wa Fatuma umwangalizie akienda hospitali? Waliokuja na bunduki Juni ile walikuwa na majina, waliwatuma, njia walizopita na silaha walizonunua kutoka kwa mtu. Hao ndio wa kutafutwa. Ukisema "ni kitabu", umemsaidia muuaji kujificha nyuma ya ustadhi mzee anayefundisha watoto alifu na be.

Na pia umemsaidia mkubwa asiulizwe kwa nini msaada ulichelewa, na kwa nini shida ya ardhi imelala mezani tangu mimi na wewe hatujazaliwa.

Sisi Wakristo tungepaswa kuwa wa kwanza kulijua hili, kwa sababu tulianza kama watu wa kitabu kinachoshukiwa. Katika karne ya pili, wapagani wa Dola ya Rumi waliwasikia baba zetu wa imani wakizungumza habari za mwili na damu ya Bwana, wakaeneza uvumi kwamba Wakristo hula watu. Wakristo wakauawa kwa uvumi kama huo. Na mwaka 303, Kaisari Diokletiano alitoa amri makanisa yabomolewe na Maandiko yachomwe, eti ndipo dola ipate utulivu. Yaliyofanywa kwetu tusimfanyie jirani.

6. MFALME ALIYECHOMA GOMBO

Fungua Yeremia 36, ukaisome yote leo usiku. Yeremia alitamka maneno ya Bwana, Baruku akayaandika kwenye gombo. Gombo likafika kwa mfalme Yehoyakimu, naye alikuwa ameketi nyumbani wakati wa baridi, moto unawaka mbele yake. Kila ziliposomwa safu tatu nne, aliyakata kwa kisu kidogo cha mwandishi na kuyatupa motoni, mpaka gombo likaisha. Kisha akaagiza Yeremia na Baruku wakamatwe.

Mfalme alidhani shida ya Yerusalemu iko kwenye ngozi ile. Shida ilikuwa moyoni mwake, kwenye nyumba ya kifahari aliyoijenga bila kuwalipa vibarua, kama Yeremia 22 inavyomshtaki. Gombo likageuka majivu. Bwana akamwambia Yeremia aandike lingine, na safari hii maneno yakazidi. Na Babeli? Babeli ikaja vilevile. Moto wa Yehoyakimu haukuipunguzia hata farasi mmoja.

Mtu ataniambia, "Lakini Matendo 19, Efeso walichoma vitabu!" Kweli, walichoma, na thamani yake ilikuwa vipande 50,000 vya fedha. Soma tena ni nani aliyechoma. Ni waganga waliotubu, wakaleta vitabu vyao wenyewe, kwa hiari yao, baada ya kukiri matendo yao. Hakuna mtume aliyeingia nyumba ya jirani kupekua. Toba huanza na rafu ya kwangu.

Sasa tufanye nini? Nawapa mambo manne, yaandikeni.

Kwanza, ujumbe ukija usio na jina la mwandishi, tarehe wala mahali, na unaokutaka uogope kundi fulani la watu, usiusambaze. Kutoka 23:1 inatosha kuwa amri yako. Kama umekwisha kuutuma, rudi kwenye kundi lile lile uufute na useme wazi kwamba haukuwa wa kweli.

Pili, mzazi, ukikuta riwaya kwenye begi la mtoto, isome. Kisha muulize mtoto, "Huyu kijana wa humu ndani ana huzuni gani?" Huenda akakujibu habari yake mwenyewe. Mtoto aliyejifungia chumbani, asiyekula, asiye na rafiki, anayezungumza habari za kufa au kuua, huyo anahitaji mtu wa kukaa naye, anahitaji maombi na anahitaji daktari. Ukichoma kitabu chake utakuwa umechoma dirisha pekee uliloweza kumchungulia.

Tatu, ukijua mtu anapanga kumwaga damu, awe wa kanisa lako au wa msikiti wa jirani, awe mwanao, sema kwa wenye mamlaka. Sema ulichokiona na kukisikia wewe, wala usiongeze chumvi. Mtaje mtu, usitaje kabila wala dini.

Nne, tudai majibu. Kuomba ni silaha yetu, lakini tusiombe ili tukwepe kuuliza. Watu wa Mungu wanaweza kumwuliza chifu, mwakilishi wa wadi na gavana habari za ardhi, za usalama na za vijana wetu wanaopotea, kwa heshima na bila woga. Neno la kuuliza ukweli na haki ziko wapi lisiwe la mtu wa kwenye riwaya peke yake.

Yesu alisema uuaji hutoka ndani, moyoni mwa mtu. Ndiyo maana alikuja kubadilisha mioyo. Hiyo ndiyo Injili ninayoihubiri, na sijaona mahali iliponiagiza nipekue begi la mtu.

TUOMBE: Baba, katika jina la Yesu, tunakuletea Lamu, visiwa na bara yake. Wakumbuke wajane na yatima wa 2014. Wafichue wamwagao damu, kila mmoja kwa jina lake, na uwafunike wasio na hatia. Tuponye na ulimi mwepesi na kidole chepesi. Utupe mioyo mipya, viongozi wanaojibu, na majirani wanaolindana. Amina.

Kama umelipokea somo hili, andika Amina hapa chini. Jumapili tutaendelea na Yeremia 37.